Uzee Kando ya Bahari: Wastaafu wa Ulaya kwenye Pwani ya Kenya

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwa cha Mombasa ukashika barabara ya kaskazini, unapita Mtwapa, unapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, unavuka mkono wa bahari wa Kilifi juu ya daraja refu, na baada ya kilomita kama 120 unaingia Malindi. Mtu wa Bukavu, aliyezoea kwamba kila safari ya mjini ni kupanda au kushuka, hushangazwa kwanza na usawa wa nchi. Ardhi imelala tambarare mpaka majini. Hewa ni nzito, ina chumvi, na saa nne asubuhi jua limeshakuwa kali kuliko jua lolote la kwetu.

Mji wenyewe ni mkongwe. Vasco da Gama alitia nanga hapa mwaka 1498, na nguzo ya Wareno ingali imesimama juu ya mwamba wa pwani. Kuna misikiti, kuna soko la samaki, kuna Wagiriama wanaoleta nazi na mihogo kutoka bara, kuna Wabajuni wavuvi na Waarabu wenye maduka. Halafu kuna wazee wa Kizungu. Utawaona kwenye mkahawa wanakunywa kahawa nyeusi katika vikombe vidogo, utawaona ndani ya tuktuk na mfuko wa mboga magotini, utawaona duka la dawa wakisubiri zamu yao. Watoto wa mitaani huwasalimu kwa Kitaliano, na wauza vinyago hubishana nao bei kwa Kitaliano chepesi kabisa, wengi wao bila kuwa wamekaa hata siku moja katika darasa la lugha hiyo.

Hawa si watalii. Mtalii hukaa wiki mbili, akaungua ngozi, akaondoka. Hawa wamefanya kazi maisha yao yote Ulaya, wamestaafu, wamehamia. Nataka kueleza wanavyoishi, kwa sababu kwetu Bukavu watu wengi huamini kwamba Mzungu aliyezeeka kando ya bahari ya Afrika ni tajiri aliyemaliza shida zote. Nilichokiona ni maisha yanayotegemea kitu kimoja: fedha ya uzeeni inayofika kila mwezi kwa tarehe inayojulikana. Fedha hiyo ikiwepo, mengine hupangika. Ikitikisika, villa na bustani na bahari yenyewe haviwezi kumsaidia mtu.

Walifikaje hapa? Waingereza ndio waliotangulia. Miaka ya 1930 walijenga hoteli za kwanza za Malindi, na walowezi wa nyanda za juu za Kenya walikuwa wakiteremka kuja kupumzika na kuvua samaki wakubwa. Waitaliano walikuja kwa njia ambayo watu wengi hawaijui. Katika miaka ya 1960 Profesa Luigi Broglio na wenzake walisimamisha majukwaa ya chuma baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ili kurushia setilaiti, kwa kuwa mahali hapo pako karibu na mstari wa ikweta. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 iliruka kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaruka nyingine ya Wamarekani, nayo ikapewa jina la Uhuru. Mafundi na wahandisi waliokuja kwa kazi hiyo walirudi kwao na habari za mchanga na samaki. Wakafuata ndugu, marafiki, wenye mahoteli, wapishi wa piza. Kufikia miaka ya 1980 Malindi ilikuwa na mitaa mizima ya villa za Waitaliano zilizoezekwa makuti. Wajerumani, Waswisi na Waingereza walipendelea Mtwapa, na zaidi Diani, kusini ya Mombasa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, ambako mbega weusi kwa weupe huruka juu ya mapaa ya nyumba.

Msomaji wa Bukavu asione jambo hili kuwa geni sana. Mji wetu, ulipokuwa ukiitwa Costermansville, ulijengwa kwa sehemu kubwa kwa ndoto ya namna hiyohiyo. Tuko juu ya mita 1,500, hakuna joto la Kinshasa, ziwa liko chini ya dirisha. Tangu mwaka 1928 shirika la CNKi (Comité National du Kivu) lilikuwa likiwagawia walowezi wa Kibelgiji ardhi ya Kivu, na wengi walijenga nyumba zao Muhumba na kwenye rasi ya La Botte wakiwa na nia ya kuzeekea humo. Hawakuzeeka humo. Uhuru wa 1960, kisha vita vya mamluki wa Jean Schramme walioshika mji kuanzia Agosti hadi Novemba 1967, kisha Zaïrianisation ya 1973 iliyowanyang'anya wageni mali zao, vyote viliwaondoa, na waliobaki walikuwa wamisionari na watu wachache sana. Tofauti ya pwani ya Kenya ni kwamba wastaafu wake wa leo walikuja baada ya uhuru, kwa sheria za nchi huru, na wanakaa kwa ruhusa inayoweza kuisha.

Ruhusa hiyo ndiyo jambo la kwanza katika maisha yao. Kwa kanuni za uhamiaji za Kenya, mgeni anayetaka kuishi bila kufanya kazi huomba kibali cha daraja la K. Masharti yake ni mepesi kuyataja, magumu kuyatimiza: awe na miaka 35 au zaidi, aonyeshe pato la uhakika la dola 24,000 kwa mwaka, yaani dola 2,000 kila mwezi, na aahidi kwamba hataajiriwa kazi ya mshahara. Pato hilo linaweza kuwa pensheni, kodi ya nyumba aliyoiacha kwao, au faida ya akiba. Maombi siku hizi hupelekwa kwa intaneti, lakini mzee wa miaka 75 asiyeona vizuri hawezi kupambana peke yake na fomu za kompyuta, kwa hiyo karibu kila mmoja ana kijana wake wa makaratasi, anayemlipa kidogo kila mara. Wasiofikia dola 2,000 huingia na kutoka kama wageni wa muda, miezi mitatu hapa, miezi mitatu kwao, wakifuata majira. Hao ni wengi. Ndege zinazotua pwani mwezi wa Desemba huwa zimebeba wazee wanaokimbia baridi, na wengi wao huondoka mvua za masika zinapokaribia.

Nchi nyingine zina masharti yake. Thailand, ambayo wastaafu wa Ulaya na Marekani huitaja kwanza wakizungumzia jambo hili, hudai miaka 50 ya umri, na ama baht 800,000 zilizolala benki ama pato la baht 65,000 kwa mwezi, kisha kila siku 90 mgeni aripoti anakoishi. Wengi niliozungumza nao pwani walikuwa wamezipima nchi hizo mbili. Sababu walizonipa za kuchagua Kenya zilikuwa za kawaida: saa za Nairobi na za Roma zinakaribiana, ndege ya usiku mmoja inakufikisha, na watu wanaongea lugha ambayo mzee anaweza kuishika kidogokidogo sokoni.

Turudi kwenye pensheni. Shirika la pensheni la Italia, INPS, huwalipa wastaafu wake walio ng'ambo kupitia Citibank, na kila mwaka mzee hutumiwa karatasi ya kuthibitisha kwamba yuko hai. Asipoirudisha kwa wakati, malipo husimama. Wajerumani nao wana karatasi yao ya namna hiyo. Nilimwona mzee mmoja, zamani fundi wa kiwanda cha magari huko Torino, akijiandaa kuitia sahihi yake. Alikuwa ameketi barazani, miguu imevimba kwa joto, karatasi imewekwa juu ya ubao wa kukatia mkate ili isitikisike. Mlinzi wake, kijana wa Kigiriama, alishika ukingo wa karatasi kwa vidole viwili. "Taratibu, mzee," akamwambia. Mzee akajaribu kwanza sahihi juu ya gazeti, mara nne au tano, kwa sababu mkono umebadilika na aliogopa isifanane na ile ya zamani. Alipomaliza alifuta jasho, akauliza kama tuktuk ya kwenda mjini imefika, maana karatasi ilipaswa kuonekana na shahidi mwenye cheo siku hiyohiyo.

Waingereza wana shida yao tofauti, na mimi naiona kuwa dhuluma. Serikali ya Uingereza huongeza pensheni ya taifa kila mwaka, lakini kwa mstaafu anayeishi katika nchi isiyo na mkataba nayo wa jambo hilo, kiasi hubaki kilekile alichoanza nacho. Kenya ni mojawapo ya nchi hizo. Kwa hiyo Mwingereza aliyehamia Diani akiwa na miaka 66 anaweza kufikisha 85 akipokea pauni zilezile, wakati bei ya unga, dawa na umeme imepanda mwaka baada ya mwaka. Alichangia kama wenzake waliobaki Uingereza, na anaadhibiwa kwa kuwa amechagua kuishi kwenye jua.

Siku yao huanza mapema. Saa kumi na mbili alfajiri, jua linapotoka majini, ndiyo saa ya kutembea ufukweni, kwani baada ya saa tatu mchanga unaunguza. Maji yakiwa yamekupwa, mwamba wa matumbawe hubaki wazi na wanawake huingia na vijiti kutafuta pweza. Wazee hupita kando yao, wanasalimiana kwa majina. Mto Sabaki ukifurika huko bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo, na wanaopenda kuogelea huenda Watamu, ambako maji hubaki safi zaidi. Upepo wa kusi ukivuma mawimbi huwa makubwa, na mzee asiye imara miguuni hubaki kwenye bwawa au barazani. Kaskazi ikirudi mwishoni mwa mwaka bahari hutulia na wageni hujaa.

Asubuhi ni ya sokoni. Huko ndiko nilikoona furaha yao ya kweli, hasa kwa wanawake walioishi hapa muda mrefu. Bibi mmoja wa Kitaliano, mwembamba, kofia ya ukindu kichwani, alisimama mbele ya meza ya samaki.

"Shikamoo bibi," muuzaji akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Changu huyu wa leo au wa jana?"

"Wa leo, bibi. Mtazame macho."

Akamtazama macho, akamfunua shavu kwa kidole, akaona wekundu wa matamvua, akanunua wawili. Akaulizia mtoto wa muuzaji aliyekuwa na homa. Akalipa kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na leo mzee wa Kizungu asiyejua kutuma barua pepe anajua kutuma pesa kwa muuza samaki, kwa mlinzi, kwa dereva wa tuktuk na kwa kampuni ya umeme. Sisi tunaoitumia Kongo, hasa tangu mabanki ya Bukavu yafungwe mwaka 2025, tunajua uzito wa jambo hili: anayeweza kupokea na kulipa bila kupanga foleni amepunguziwa nusu ya taabu za uzee.

Chakula cha mchana ni tambi au wali wa nazi na samaki, na mpishi wa Malindi aliyefanya kazi kwa Waitaliano miaka 20 anapika vyote kwa ufundi. Kisha usingizi, kwa maana kati ya saa sita na saa tisa hakuna afanyaye kitu. Jioni ni karata, kahawa, aiskrimu, maongezi ya mpira wa Italia. Umeme ukikatika, anayemudu huwasha jenereta au hutegemea paneli za jua. Asiyemudu hukaa gizani na joto lake, na feni iliyosimama. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi, kwa hiyo ya kunywa hununuliwa. Nyani na tumbili huingia jikoni. Paa la makuti, linalopendeza sana kwenye picha, huliwa na wadudu na hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, nalo hushika moto upesi. Upepo ukiwa mkali nyumba moja ikiungua huweza kuunguza mtaa.

Nyumba zenyewe zimesimama juu ya swali gumu la ardhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kupanga kwa muda usiozidi miaka 99. Waliokuwa na hati za muda mrefu zaidi, hata za miaka 999, waliona zimepunguzwa kuwa 99. Kwa mzee wa miaka 70 hilo halipaswi kumnyima usingizi, lakini linawahusu watoto wake, na linahusu bei atakayopata akitaka kuuza. Hatari kubwa zaidi ni ulaghai. Kiwanja kimoja huuzwa kwa watu wawili, hati hughushiwa, mshirika wa biashara hujiandikia jina lake. Mzee huishia kwenye kesi inayoahirishwa mwaka baada ya mwaka, naye miaka ya kungoja hana.

Chini ya hilo kuna dhuluma ya zamani zaidi, na mwenye kuielezea pwani bila kuitaja atakuwa amedanganya. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ya wakoloni wa Kiingereza, iliwataka watu wa pwani wadai ardhi kwa karatasi. Wamijikenda, yaani Wagiriama na ndugu zao, walioshika ardhi kwa desturi ya ukoo, walibaki mikono mitupu, na wajukuu wao hadi leo huitwa maskwota juu ya udongo wa mababu zao. Mlinzi anayefungua geti la villa mara nyingi anatoka katika familia isiyo na hati hata ya pale inapolala.

Hao walinzi, wapishi, watu wa bustani na wauguzi wa nyumbani ndio wanaowawezesha wazee hao kuishi. Mstaafu ambaye kwao angemudu mtu wa kumsaidia saa mbili kwa wiki, hapa anaajiri watu watatu kwa mwezi mzima. Kuna waajiri wema, wanaolipa ada za shule za watoto wa wafanyakazi wao na kuwaandikisha katika mfuko wa uzeeni wa NSSF. Kuna wengine wanaolipa chini ya kima cha sheria na kujiona wafadhili. Nilipouliza wafanyakazi, kilichowaudhi zaidi ya udogo wa mshahara kilikuwa kuondoka kwa ghafla: mzee anaugua, watoto wanakuja kumchukua, nyumba inafungwa ndani ya wiki moja, na mtu aliyehudumu miaka mingi anabaki na barua ya shukrani.

Ugonjwa ndio unaoamua mengi. Mtaliano aliyejiandikisha kuwa mkazi wa ng'ambo hupoteza daktari wake wa serikali kule Italia. Akirudi kwa ziara hupata huduma za dharura tu, kwa muda wenye kikomo. Kwa hiyo hununua bima ya binafsi, na bima hupanda kadiri umri unavyopanda, mpaka makampuni mengine humkataa kabisa aliyepita miaka fulani. Malindi ina hospitali zake, lakini upasuaji wa moyo au matibabu ya saratani humpeleka mtu Mombasa au Nairobi. Ndege za AMREF, shirika la madaktari wa angani lililoanzishwa mwaka 1957, hubeba walio mahututi, kwa mwenye bima au uanachama. Malaria ipo. Kiharusi hakingoji ndege. Wazee hawa wanajua hesabu hiyo vizuri, na wengi wameshakubaliana nayo.

Na upweke? Upo, tena mwingi, ingawa hausemwi mbele ya watu. Mke amekufa, rafiki amerudi kwao, simu ya watoto inakuja Krismasi. Katika upweke huo huingia ndoa na urafiki na vijana wa Kiafrika, jambo linalosemwa sana na kuelezwa vibaya. Nimeona nyumba ambamo mzee wa Kijerumani na mke wake wa Kidigo, aliye mdogo wake kwa miaka 30, wanaishi kwa heshima. Mzee anasomesha shemeji zake, na mama mkwe ndiye anayemkanda miguu jioni. Nimeona pia vijana wanaomzunguka bibi wa miaka 70 mpaka akiba yake inapoisha, na wazee waliokuja kununua ujana wa watu maskini. Mbaya kuliko yote, ripoti iliyotolewa na UNICEF na serikali ya Kenya mwaka 2006 ilionyesha kwamba maelfu ya wasichana wadogo wa pwani walikuwa wakitumiwa kwa ngono, na wageni wa Ulaya walikuwa miongoni mwa wanunuzi, pamoja na wenyeji. Hilo ni jinai, wala uzee wa aliyelitenda haulipunguzi.

Sasa mtazame mzee wa hapohapo. Serikali ya Kenya, kwa mpango wa Inua Jamii, tangu mwaka 2018 huwapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kama dola 15. Mgeni huulizwa kama ana dola 2,000, mwenyeji hupewa shilingi 2,000, na wote wawili hununua changu kwenye meza moja. Hata hivyo nisingependa kuzidharau shilingi hizo. Bibi wa Kigiriama aliyezipokea huamua mwenyewe kama zitakuwa unga au dawa, na wajukuu humsogelea zaidi siku hiyo. Mzee wa Bukavu aliyefundisha shule miaka 40 na hajapewa fedha yake ya kustaafu, kisha anaendelea kwenda darasani akitegemea fimbo kwa sababu akiacha atakosa hata mshahara mdogo, angeziona shilingi hizo kuwa ishara kwamba serikali imemkumbuka. Kwetu pensheni ya wengi ni watoto wao, na watoto wako Kinshasa, Kampala, Kanada, au wamekufa vitani.

Kuna jambo jingine la Kilifi, kaunti ambayo Malindi imo ndani yake, linalofanana na la kwetu kwa uchungu. Katika vijiji vya bara vya kaunti hiyohiyo, wazee wenyeji wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi na jamaa wanaoutaka urithi wa shamba. Baadhi hupaka mvi zao rangi nyeusi wasijulikane umri. Wengine wamekimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, ambako wanaharakati wa utamaduni waliwawekea makazi ya kujificha. Mwendo wa saa chache kutoka barazani ambapo mzee wa Torino anathibitisha kwamba yu hai, mzee wa Kigiriama anaficha dalili za umri wake ili abaki hai. Sisi wa Kivu Kusini hatuna haki ya kuwanyooshea kidole: mabibi wamechomwa moto Kalehe na Kabare kwa maneno ya mtabiri, na waliowachoma walikuwa vijana waliobebwa mgongoni na mabibi kama hao.

Villa za Malindi sasa zinabadilisha wenyewe. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, mashambulizi ya al-Shabaab miaka iliyofuata, kisha Korona, vilipunguza wageni, na kizazi cha kwanza cha Waitaliano kinakwisha. Waliofika miaka 80 wengi hurudi kwao, mahali penye hospitali ya bure na mjukuu wa kuwatembelea. Mitaa mingine ina vibao vya kuuzwa geti baada ya geti, na nyumba zilizoliwa na chumvi.

Wanaoanza kuja ni Wakenya. Vipingo, Kilifi na Diani kumejengwa nyumba zinazonunuliwa na walimu wakuu, wahasibu na maofisa waliostaafu Nairobi, watu waliokatwa fedha kidogokidogo katika mishahara yao miaka 30 na kuipata walipofika mwisho. Nilizungumza na mmoja wao, mama aliyekuwa muuguzi mkuu, sasa anafuga kuku na kuimba kanisani. Nilimweleza kwamba natoka Bukavu. Akaniuliza wauguzi wa kwetu wakistaafu hulipwa na nani, kwa miezi mingapi, na kama fedha hufika hata wakati wa vita. Nikamjibu nilichokijua: kwamba mfuko wa wafanyakazi wa makampuni upo, na tangu 2015 upo pia mfuko wa watumishi wa serikali, kwa sheria na kwa karatasi, kwamba waliolipwa ni wachache na wengi hufa faili zao zikiwa njiani kwenda Kinshasa. Akatikisa kichwa, akauliza majina ya mifuko hiyo, akayaandika. Alitaka kujua ni nani hasa anayepaswa kuulizwa.